Mmea wa jangwani unakufaje kwa joto? Niliyoyaona kwenye bustani ya Phoenix

#1 Mpanda Mbegu
Wakuu salaam.

Oktoba iliyopita nilikuwa Phoenix, Arizona, kwa binamu yangu. Jumapili akanipeleka kwenye bustani ya mimea ya jangwani, Desert Botanical Garden, ndani ya Papago Park. Eneo lake ni kama hekta 57 na ipo tangu 1939. Mwanzo wake ni Mswidi mmoja, Gustaf Starck, aliyebandika kibao cha "Okoeni jangwa" chenye mshale wa kuelekea nyumbani kwake. Wakajitokeza wenye nia kama yake, akiwemo Gertrude Webster aliyesaidia kwa fedha. Mimi ni mtu wa Dodoma, nimekulia kwenye vumbi, na sikuwahi kuwaza kwamba jangwa nalo ni kitu cha kuokolewa.

Kilichonishika ni saguaro (wenyewe hutamka "sawaro"), ile kaktasi ndefu yenye mikono. Nilisimama chini ya moja nikainua shingo mpaka kofia ikadondoka. Ngozi yake ni ya kijani, ina mikunjo kutoka juu hadi chini kama kodiani ya taarabu. Mvua ikinyesha inameza maji na mikunjo inafunguka, ukame ukikaza inajikunja tena. Pembeni ya njia palikuwa na nyingine iliyokufa. Nyama yote imeoza, zimebaki fito. Ni fito kabisa wakuu, zimesimama kwa duara. Ungezifunga kamba ukakandika udongo, ungepata ukuta.

Mzee anayejitolea kutembeza wageni akatuambia kiangazi cha 2023 saguaro nyingi pale mjini zilidondosha mikono, na nyingine zikaanguka nzimanzima hata siku isiyo na upepo. Chanzo, akasema, joto.

Hapo ndipo nilipokwama mpaka leo. Mmea umezaliwa jangwani, umelelewa na jangwa miaka mia na zaidi, unakufaje kwa joto? Si sawa na kuniambia samaki amezama? Wenye elimu ya mimea karibuni.

#2 Kisiki Hai
Uzee tu mkuu. Hizo zinaishi miaka 150 hadi 200. Zikifika huko hata bila joto zinaanguka. Kila chenye uhai kina siku yake.

#3 Mwana Uvira
Bandugu, jambo. Mimi niko hapa hapa Phoenix tangu 2016, nafanya kazi ya kupanda mimea kwenye mayadi ya watu.

Kisiki Hai, ile 2023 haukuwa huku. Kuanzia tarehe 30 Juni mpaka 30 Julai, siku 31 mfululizo, kila siku joto lilifika nyuzi 43 au kupita. Lakini mchana tumeuzoea, tunaanza kazi saa kumi usiku, saa tano asubuhi tumemaliza. Usiku ndiyo ulikuwa mubaya. Siku 16 zilifuatana joto la usiku halikushuka chini ya nyuzi 32. Unatoka nje saa tisa usiku, unagusa ukuta, ukuta una moto kama chungu kilichotolewa jikoni sasa hivi. Mutu hapumziki. Nafikiri na mumea haukupumzika.

#4 Mwalimu wa Miche
Mwana Uvira amegusa penyewe, hata kama hakukusudia.

Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana ili kuvuta hewa ukaa ya kutengenezea chakula. Kaktasi ikifanya hivyo mchana wa jangwani itakauka, kwa hiyo imegeuza ratiba: mchana inafunga kila kitu, usiku kukipoa inafungua, inavuta hewa ukaa na kuihifadhi kama asidi, kesho jua likitoka inaitumia ikiwa imefunga milango. Zamani watu walionja kaktasi alfajiri na jioni wakakuta ladha tofauti. Alfajiri ni chachu zaidi, ndiyo hiyo asidi.

Sasa usiku usipopoa? Ikifungua inapoteza maji mengi. Isipofungua inalala njaa. Na joto lenyewe linaufanya mwili utumie akiba haraka. Usiku mmoja si tatizo. Kumi na sita mfululizo ni jambo jingine. Kwa hiyo samaki wako, Mpanda Mbegu, hakuzama. Ni maji ya usiku aliyozoea yaliyobadilika.

#5 Pwani Bara
Mwalimu nakuheshimu, ila umeruka mvua. Huko Arizona wana mvua za kiangazi, zinatazamiwa kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Mwaka 2023 pale Phoenix msimu mzima ulitoa kama milimita 4 tu, ni wa ukame kuliko wote tangu waanze kuweka kumbukumbu. Milimita nne hazilowanishi hata uso wa mchanga! Unawezaje kusema ni usiku wa joto na si kiu? Vyote viwili vilikuja pamoja.

#6 Mwalimu wa Miche
Hoja halali. Siwezi kuvitenganisha nikiwa nimekaa hapa Morogoro. Naongeza tu kwamba mizizi ya saguaro haiendi chini sana, mingi iko sentimita 10 hivi kutoka juu, imetandaa pande zote kadiri ya urefu wa mmea wenyewe. Inategemea mvua ya kulowesha juu. Ikikosekana, hakuna maji ya akiba kule chini ya kufuata.

#7 Gogo la Mpwapwa
Mbona makaktasi makubwa hivyo hata kwetu Dodoma yamejaa, yana mikono na miiba, na hayafi kwa joto? Mleta uzi umepita njia ya Kondoa hujayaona?

#8 Mwalimu wa Miche
Hayo si kaktasi ndugu yangu. Ni jamii ya mnyaa. Kata kidogo utaona utomvu mweupe kama maziwa, na ukikuingia jichoni utautafuta mlango. Kaktasi karibu zote hazina maziwa hayo. Zimefanana kwa sababu zimekutana na shida moja katika mabara mawili, ukoo ni tofauti kabisa. Kaktasi zote ni za Amerika.

#9 Mlima Usambara
Karibu zote, Mwalimu. Ipo moja ya asili huku Afrika, Rhipsalis, haina mbwembwe. Inaning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa msituni kama nyuzi za kijani, na ina vitunda vidogo vyeupe. Hata Tanzania ipo. Wengi hupita chini yake bila kujua ni kaktasi.

#10 Mwalimu wa Miche
Kweli kabisa, nasahihishwa. Asante.

#11 Mwana Uvira
Narudi kwa mambo ya kazi. Saguaro nyingi za mjini hazikuzaliwa pale. Zilichimbwa mahali, zikabebwa na lori, zikapandwa. Kwanza sheria ya Arizona inataka kibali kabla ya kuichimba na kuitoa kwenye kiwanja, hata kama kiwanja ni chako. Pili, kabla ya kuchimba unaweka alama ya chaki upande unaotazama kusini. Ukiipanda upya, alama lazima itazame kusini tena. Ngozi ya kusini imekomaa kwa jua, ya kaskazini ni laini. Ukiigeuza, ile laini inaungua, inakuwa ya njano, halafu kama gome.

Kuna kampuni niliwahi kufanyia kazi, jina naliacha, msimamizi alikuwa na haraka, akasema chaki ni kupoteza muda. Tulipanda tatu kwenye yadi ya mama mmoja. Mwaka wa kwanza nzuri. Mwaka wa pili nzuri. Mwaka wa nne moja ikaanza kutoa maji meusi kwenye shina, ikanuka, ikaanguka. Yule mama alilia kama amefiwa. Msimamizi akamwambia ni joto.

Ndiyo maana nikisikia "joto" nauliza: ilipandwa na nani?

#12 Kisiki Hai
Duh. Kwa hiyo kubwa hufa pole pole baada ya kuhamishwa, kwa kuwa mizizi ilikatwa?

#13 Mwana Uvira
Ndiyo. Ina maji mengi ndani, inaweza kuishi miaka kwa akiba yake. Unafikiri imeshika, kumbe inakula mwili wake.

#14 Ndata Kivumbu
Nimesoma kimya tangu juzi, sasa niseme. Mimi ni wa Kitui. Mnazungumzia joto na hamjataja moto.

Kuna nyasi huko Arizona inaitwa buffel. Iliingizwa miaka ya 1930 kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko. Inajaza nafasi zote kati ya mimea, inakauka, halafu moto ukianza haukomi. Jangwa lile halikuzoea moto, kwa sababu zamani mimea ilikaa mbalimbali na moto haukuwa na njia. Saguaro haijui kujikinga, inapikwa imesimama. Juni 2020 moto wa Bush Fire, kaskazini-mashariki ya Phoenix, uliteketeza zaidi ya hekta 78,000, na inakadiriwa saguaro kama 80,000 zilikufa.

Na hiyo nyasi ni yetu. Kwa Kikamba ni ndata kivumbu, jina nililojipa hapa. Aina iliyosambazwa sana Marekani kutoka Texas miaka ya 1940 asili yake ni Kenya, upande wa Turkana. Kwangu mimi ni mali. Nina ekari mbili, nauza mbegu, ng'ombe wananona, na udongo uliokuwa ukisombwa na mvua umetulia. Mtu wa Arizona anaing'oa kwa mikono mlimani akilaani, mimi naipalilia nikishukuru.

#15 Mlima Usambara
Uzi umenoga. Ila sahihisho dogo: ule moto wa 2020 usiubebeshe buffel peke yake. Kule kuna nyasi nyingine za kigeni, hasa ya kutoka Mediterania, inayoota wakati wa baridi na kukauka kiangazi. Buffel inasumbua zaidi upande wa Tucson, mji ulio kusini zaidi ya Phoenix.

#16 Ndata Kivumbu
Nakubali. Bado naona uchungu.

#17 Laikipia Kwetu
Usione uchungu peke yako, jirani. Nasi tuliletewa dungusi la kwao, ile kaktasi ya vipande bapa.

Huku Laikipia dungusi la Marekani limeteka malisho kiasi kwamba kuna mahali huwezi kupitisha mbuzi. Wanyama wanakula yale matunda mekundu, vijiba vidogo vidogo vinaingia kwenye ulimi na fizi. Nilikuwa na mbuzi jike mweupe, mzazi mzuri. Nikamfungua mdomo nikaona ulimi umejaa vinyweleo kama ufuta, umevimba, hawezi kumeza. Nilikaa na kibano jioni nzima, mke wangu ameshika tochi. Hakupona. Ndovu na nyani ndio wanaosambaza mbegu kwa kinyesi.

Tangu 2014 jamii za huku wamekuwa wakifuga kijidudu kidogo cheupe kama pamba, ukikiponda kinatoa rangi nyekundu, hicho kinanyonya dungusi mpaka linanyauka. Kinasaidia, ila pole pole.

#18 Gogo la Mpwapwa
Kwa hiyo Kenya na Marekani mmelipana. Nyasi kwa dungusi, hakuna anayemdai mwenzake 😄

#19 Laikipia Kwetu
Ungemuona yule mbuzi usingeweka kicheko hapo.

#20 Gogo la Mpwapwa
Nisamehe mkuu. Pole sana.

#21 Mzee wa Tanuri
Wanangu, mimi ni wa Tanga, babu yangu alikuwa mchoma chokaa, ndiyo maana jambo hili lilinigusa nilipopelekwa na mwanangu kule Tucson kwenye hifadhi ya saguaro, Saguaro National Park.

Upande wa mashariki wa hifadhi hiyo kuna matanuri ya chokaa ya zamani, yamepita miaka mia. Nilipoyaona nikayajua bila kuambiwa. Tanuri linakula kuni usiku na mchana, na kuni zao zilikuwa mesquite na palo verde, miti ya jangwani ya huko. Sasa sikilizeni. Saguaro haioti peke yake uwanjani. Mbegu ikianguka kwenye jua tupu imekwisha. Inaota chini ya mti mwingine unaoipa kivuli mchana na kuikinga na baridi usiku. Wao wana neno lao, mimi nauita mti mlezi. Mkikata walezi, watoto hawazaliwi. Ng'ombe nao wakakanyaga vichache vilivyobaki.

Na kitoto chenyewe hukui kwa miaka kumi kinafika sentimita 4 tu. Mkono wa kwanza unatoka kikiwa na miaka 50, 75, pengine 100. Maana yake zile kubwa mnazoziona zikianguka leo zilizaliwa babu wa babu yangu akiwa hai. Kisiki Hai anasema uzee. Sawa, nami ni mzee, sipingi. Lakini mzee akifa na wajukuu wapo, si msiba ule ule. Shida ni kijiji kisicho na watoto. Hifadhi wenyewe wanasema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 machipukizi mapya ni machache mno, kwa ukame.

#22 Kisiki Hai
Shikamoo mzee. Hapo umenifunga mdomo kwa leo.

#23 Mzee wa Tanuri
Marahaba. (Hapo juu niliandika "hukui", soma "hukua". Vidole hivi.)

#24 Ubani wa Maskati
Jamaa, miye ni Mzanzibari naishi Maskati. Alosema Mzee wa Tanuri ndiyo yaliyopo kwenye miti ya ubani. Ubani mnaofukiza harusini na msibani, ule mzuri unatoka Dhofar, kusini ya Oman. Wadi Dawkah, bonde la miti hiyo, limo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Miti mikubwa ipo, inagemwa, lakini kitoto kikichomoza tu ngamia na mbuzi wanakimaliza. Ethiopia nako, kwenye ubani wa aina nyengine, watafiti wamekuta misitu mingi haina miti michanga kabisa.

Hapa Al Khoudh kuna mradi wa bustani ya mimea ya Oman, nia yake ni kuweka mimea ya asili ya nchi hii peke yake, ya milimani na ya jangwani. Naupenda mpango huo. Lakini nauliza, bustani inahifadhi mti au inahifadhi sura ya mti? Mti ulofungiwa ndani ya uzio, unanyweshwa kwa bomba, utajua kupambana na ngamia?

#25 Mlima Usambara
Usidharau bustani. Inaweka mbegu kwenye baridi, inajua kila mmea ulitoka bonde gani, inapima. Pale Phoenix walioona usiku wa 2023 unafanya nini kwa saguaro ni kwa sababu wana watafiti wanaozitazama mwaka baada ya mwaka. Porini zingeanguka bila mtu kuhesabu.

#26 Pwani Bara
Tena hatujataja ugonjwa. Maji meusi aliyoyaona Mwana Uvira ni bakteria.

#27 Mlima Usambara
Hilo lina kisa chake. Miaka ya 1940 waliona saguaro kubwa zinaoza kule Tucson, wakaamini ni tauni ya bakteria, hata mwaka 1941 wakakata na kuzika zilizougua kwenye eneo la majaribio. Haikusaidia kitu. Baadaye ikaonekana muuaji alikuwa baridi kali, usiku wa kuganda kama ule wa 1937. Barafu inajeruhi tishu, mmea unaendelea kusimama miaka, halafu bakteria wanakuja kula kilichokwisha kufa. Ni kama funza kwenye kidonda, hakuleta kidonda.

#28 Pwani Bara
Ndiyo, lakini kidonda chenye funza hakiponi kama kisicho na funza. Sikubali kwamba bakteria hawana neno.

#29 Mpanda Mbegu
Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Baridi nayo inaua! Kwa hiyo mmea huu unataka usiku usiwe wa moto wala wa barafu.

Niongeze nililosahau. Mle bustanini kuna kitu walinishikisha mkononi, nilidhani ni kibuyu cha zamani. Kumbe ndege aina ya kigong'ota akitoboa shimo kwenye saguaro, mmea unajitibu kwa kujenga gamba gumu kuzunguka shimo. Nyama ikioza gamba linabaki, kavu, gumu, lina shingo na tumbo. Wenyeji, Watohono O'odham, walilitumia kuwekea vitu. Nililigongagonga, linalia kama kata.

#30 Mwana Uvira
Wa-O'odham wanasema saguaro ni mutu. Jirani yangu mmoja ni wa kabila hilo. Mwisho wa Juni wanakwenda kuangua matunda kwa upembo mrefu, na huo upembo wanautengeneza na fito za saguaro iliyokufa. Yaani babu aliyekufa anasaidia kuangua matunda ya wajukuu. Wakishatoa nyama ya tunda, ganda wanaliacha chini, upande mwekundu unatazama juu, kwa kuita mvua. Nilipewa kuonja asali ya hayo matunda, siyo ya nyuki, ina ladha kati ya tende na moshi.

#31 Gogo la Mpwapwa
Nasikia wezi nao wapo? Mtu anaiba mti wa tani nzima?

#32 Mwana Uvira
Wapo. Wanachukua za mita moja au mbili, zinauzwa kwa ajili ya mayadi. Hifadhi ya Tucson imeweka vijichipu ndani ya saguaro nyingi, kama wanavyowekea mbwa, ukikutwa nayo wanaijua. Na mwaka 1982 kuna mutu alikuwa akizipiga risasi kwa kujifurahisha, mkono wa moja ukamwangukia, akafa.

#33 Ubani wa Maskati
Lahaula.

#34 Mwalimu wa Miche
Mwaka 2024 nako Phoenix ilikaa siku 113 mfululizo za nyuzi 38 na zaidi. Naweka hapa kwa wanaosema 2023 ilikuwa bahati mbaya ya mara moja.

#35 Pwani Bara
Na mimi bado nasema mvua.

#36 Kisiki Hai
Na mimi uzee 🙏

#37 Mpanda Mbegu
Mwana Uvira, nina ombi. Ukipita porini, siyo mjini, chungulia chini ya palo verde uone kama kuna watoto. Mzee wa Tanuri amenikosesha usingizi.

#38 Mwana Uvira
Bandugu, leo asubuhi nilikwenda na mtoto wangu wa kike kwenye vilima, mapema kabla ya jua. Tulichungulia chini ya palo verde kumi na nne. Kumi na tatu hakuna. Chini ya ya kumi na nne mtoto akapiga magoti akasema, "Papa, ni hii?" Ilikuwa ndogo kama kidole gumba, ya duara, miiba meupe, na mavumbi juu. Karibu niikanyage.

#39 Mzee wa Tanuri
Msiiguse. Ina kama miaka kumi hiyo, kumzidi huyo binti pengine. Weka alama mbali kidogo mpate kuitazama mwakani.

#40 Mwana Uvira
Ana tisa, mzee. Ameshaweka mawe matatu.